Maneno Arobaini

Maktaba ya Burslem hufunguliwa saa tatu na nusu,
Jumanne, Alhamisi, na nusu ya Jumamosi.
Mabomba ya joto hugonga ukutani
kama mgeni asiyeamini kwamba mlango u wazi.

Kazi yangu ni kadi.
Bi Hilary Colclough alinipa sheria siku ya kwanza:
maneno arobaini kwa kila riwaya,
na mwisho usiutaje.
"Wanuse," alisema, "wasishibe."

Basi nakuna, nakamua.
Naandika kwanza kwa Kiswahili, nyuma ya risiti,
halafu naivusha kwa lugha yao.
Riwaya kongwe, kurasa mia saba,
niliyoisoma wiki tatu nikiwa na mafua,
ilitoka hivi:

    Bwana mwenye ardhi anauza kilima.
    Kivuli cha kilima bado kinalala bustanini mwake kila alasiri.
    Anafungua kesi kudai kodi ya kivuli.
    Kesi inakula mali, inakula ndoa za mabinti watatu,
    na jua, ambalo hakuna aliyelishitaki,
    linaendelea kutua palepale kama shahidi asiyeulizwa kitu.

Arobaini kamili. Nilijisikia fundi.

Ile ya mwaka juzi ilikuwa nyepesi:
msichana analipwa kufunga akaunti za marehemu,
simu moja inagoma kufungwa,
na usiku, akiwa peke yake, anaijibu.
Nyingine iliniponyoka ikawa shairi, siku ya theluji:

    Ndugu wawili na koti, moja wakalichangia,
    Zamu haina wakati, mwenye baridi alia,
    Theluji haina kiti, na hodi yawabishia:
    Nani atavuka geti, na nani atabakia?

Hiyo sikuivusha. Ipo droo ya chini.

Kila Alhamisi huja mzee Tunnicliffe,
aliyepanga vyungu tanurini miaka thelathini na minne.
Vitabu haazimi. Anasoma kadi tu,
midomo ikienda, kisha anaigeuza kadi
vile watu wa hapa, hata hotelini,
hugeuza sahani kabla ya chakula
kusoma kitakoni jina la aliyeichoma.
Nyuma ya kadi hakuna jina. Anairudisha.

Mwezi wa tatu nikamuuliza anatafuta nini.

Akavua kofia.
Mkewe, Noreen, alisoma kitandani kila usiku
na kumsimulia asubuhi, mayai yakiungua.
Cha mwisho alienda nacho hospitali.
Binti yao alikirudisha hapa, hakuangalia jalada.
"Jina sikulisikia," alisema. "Sisi hatukuulizana majina.
Kulikuwa na bata bukini.
Anachechemea.
Mtu akilia mle ndani, bukini anakuja kusimama karibu,
hafanyi kitu, anasimama tu."

Paukwa, na wa kuitikia pakawa ndiye yeye,
ameachwa mdomo wazi katikati ya kisa.

Nilimjua bukini huyo.
Yumo kwenye kilima, yumo kwenye kesi,
yumo jikoni mabinti wanaporudishiwa mahari.
Nilimruka. Hakuuza wala hakununua kitu,
hakimu hakumtaja,
na maneno yalikuwa arobaini.
Kadi ile mzee ameishika mara kumi na moja;
nilimwona kwa macho yangu akiirudisha.
Nilidhani nawapa watu tui.
Yeye alikuwa akitafuta chicha.

Nilipanda ngazi nikakishusha. Kizito kama tofali.
Akakigeuza kwanza, akaangalia kitako chake,
akakipeleka puani.
Hakusema ni hiki. Alisema,
"Huyu bwana, alishinda kesi?"
Nikafungua mdomo, nikakumbuka sheria,
nikaufunga.
"Noreen naye angeninyima," alisema,
akakitia ndani ya koti, hajakigonga muhuri,
nami sikumwita.

Jioni nikaiandika upya ile kadi.
Bi Hilary akaisoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.
"Salha, hapa kuna arobaini na nne. Na huyu bukini ana kazi gani?"
"Anasimama," nikamwambia.
Alihesabu tena kwa kalamu, neno kwa neno,
mabomba yakigonga,
akafika kwa bukini, kalamu ikakaa.